Kabla ya TANU palikuwa na watu wa New Street

Kila ifikapo Julai 7, Barabara ya Kilwa haipitiki. Dar es Salaam nzima inakwenda Sabasaba: watoto wanataka bembea, kina mama wanawinda vyombo vya bei ya punguzo. Muulize kijana Sabasaba ni nini, atakujibu ni uwanja wa maonyesho. Wachache watakumbuka kwamba ni siku ya kuzaliwa chama cha TANU, mwaka 1954. Na wapo wazee wa Kariakoo na Gerezani watakaokusahihisha hata hapo: TANU haikuzaliwa siku ile, ilibadilishwa jina tu.

Wazee hao wana hoja. Chama kilichobadilishwa jina kilikuwa na umri wa miaka 25, kina ofisi na kina ugomvi wake wa ndani. Ni African Association, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929 rais wake akiwa mwalimu Cecil Matola na katibu wake Kleist Sykes. Huyu Kleist, mzaliwa wa Pangani, ni mtoto wa askari Mzulu aliyeletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji. Yeye mwenyewe alipigana upande wa Mjerumani katika vita vya kwanza, kisha akafanya kazi reli chini ya Mwingereza. Aliacha maandishi kuhusu maisha yake, na mjukuu wake Daisy Sykes akayatumia kuandika makala iliyotoka mwaka 1973 katika kitabu kilichohaririwa na John Iliffe. Mengi tunayoyajua kuhusu miaka ile ya mwanzo yanatoka humo.

Wanachama walichanga na kujitolea hadi wakapata nyumba yao New Street, mtaa tunaouita leo Lumumba. Humo walikutana makarani, walimu na wafanyabiashara wadogo wa mjini. Kulikuwa na nyakati za kulala usingizi: wakati wa vita vya pili Dodoma ndiyo iliyokibeba chama, makao makuu yakiwa yamezubaa. Mwaka 1948 jina likawa Tanganyika African Association, TAA, baada ya kuachana na wenzao wa Zanzibar.

Mwaka 1950 vijana walishika usukani. Rais alikuwa Dk. Vedasto Kyaruzi, katibu Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist, aliyekuwa amerudi kutoka vita vya Burma. Serikali haikuchelewa: Kyaruzi alihamishwa kikazi, kwanza Kingolwira, kisha Nzega, na Abdulwahid akabaki na chama mikononi.

Hapa ndipo panapowagombanisha watu mpaka leo. Mwishoni mwa 1952 alirudi kutoka Edinburgh mwalimu wa Pugu, Julius Nyerere. Aprili 1953, katika ukumbi wa Arnautoglo, Mnazi Mmoja, wakasimama wagombea wawili wa urais wa TAA: yeye na Abdulwahid. Mohamed Said, aliyeandika maisha ya Abdulwahid katika kitabu kilichotoka London mwaka 1998, anasema kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono na Nyerere akapita kwa tofauti ndogo. Lakini anaongeza jambo ambalo ndilo moyo wa kitabu chake. Kabla ya uchaguzi, Abdulwahid alisafiri hadi Nansio, Ukerewe, kwa rafiki yake Hamza Mwapachu, ofisa wa ustawi wa jamii, kushauriana kama huyu mwalimu mgeni apewe chama. Kwa maneno mengine, mpinzani ndiye aliyemwandalia mwenzake kiti.

Wapo wasiokubali. Kwao TAA ya 1953 ilikuwa imekwisha kudhoofika, klabu ya waungwana wa mjini, na Nyerere ndiye aliyeipa siasa. Iliffe naye anaiona TAA ya makao makuu ikiwa imefifia baada ya 1951. Mimi naelemea kwa Mohamed Said, ingawa naona wakati mwingine anaufanya ukoo wa Sykes uonekane kama ndio chama chenyewe. Itazame safu iliyochaguliwa: Nyerere rais, Abdulwahid makamu, Kasella Bantu katibu mkuu, John Rupia mweka hazina, Ally Sykes msaidizi wake, Dossa Aziz mmoja wa makatibu. Watu wa klabu iliyokufa hawapangi safu kama hiyo. Mgeni kutoka Butiama angewapata wapi, kama hawakuwa wameshakaa barazani wakijadiliana miaka?

Agosti mwaka huohuo serikali ikatoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kujiunga na siasa. Wengi wa wasomi wa TAA walikuwa watumishi wa serikali. Nyerere, akifundisha shule ya misheni, hakuguswa na amri hiyo, na huenda waraka ule ulimsaidia kuliko kura za Arnautoglo. Julai 1954 watu 17 wakakutana New Street na chama kikatoka na jina jipya. Kadi namba moja ilikuwa ya Nyerere, namba mbili ya Ally Sykes, tatu ya Abdulwahid.

Yaliyofuata yanajulikana: safari ya Nyerere Umoja wa Mataifa 1955, uamuzi wa kura tatu Tabora 1958, uhuru 1961, CCM 1977. Nyumba ya zamani ya New Street haipo tena. Mahali pake ipo ofisi ndogo ya CCM. Abdulwahid alifariki Oktoba 1968, hajafika hata miaka 44. Nchi ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, mwaka 2011, yeye na mdogo wake Ally walikumbukwa kwa nishani, jambo jema lililochelewa mno. Baba yao na wenzake wa 1929 bado hawajulikani na wengi. Mtaje Cecil Matola leo pale Kariakoo, ukiwa umesimama hatua chache tu kutoka ilipokuwa ofisi yake, utaulizwa alikuwa anachezea Simba au Yanga.