Ndege B-29 na Mawe ya Shinkolobwe

Katika Vita Kuu ya Pili Wamarekani waliunda ndege kubwa ya mabomu, jina lake B-29. Yafaa sisi watu wa Kongo tujue habari zake, maana kitu cha nchi yetu kilipakiwa ndani yake.

Ndege hiyo iliruka mara ya kwanza tarehe 21 Septemba 1942. Mabawa yake, toka ncha hata ncha, yalipata mita 43. Ilikuwa na injini nne, na kwa kawaida watu 11. Vyumba vyao vilifungwa na kujazwa hewa, wapate kupumua huko juu sana ambako mizinga ya adui iliwafikia kwa shida. Lakini injini zake zilishika moto upesi. Tarehe 18 Februari 1943 ndege moja ya majaribio iliwaka hewani, ikaanguka mjini Seattle. Rubani Edmund Allen na wenzake wote wakafa, pamoja na watu kadhaa wa kiwanda kilichoangukiwa.

Ilianza kupigana mwezi wa Juni 1944, ikitoka Bara Hindi na China, kisha visiwa vya Mariana. Kumbe, kutoka juu vile mabomu yalikosa viwanda vya Japani, kwa sababu ya upepo mkali na mawingu. Ndipo jemadari Curtis LeMay alipoamuru ndege zishuke chini, usiku, na mabomu ya moto. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945 ndege 279 ziliteketeza sehemu kubwa ya Tokyo, mji wa nyumba za mbao. Watu kadiri ya 100,000 walikufa, walio wengi si askari. Harufu ya moto ule ilipanda hata ndani ya ndege.

Wakati huo bomu jingine lilikuwa likitengenezwa kwa siri. Sehemu kubwa ya urani yake ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alikuwa amekwisha kupeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo.

Tarehe 6 Agosti 1945 B-29 iitwayo Enola Gay iliangusha bomu hilo Hiroshima. Siku tatu baadaye nyingine, Bockscar, ilikusudia mji wa Kokura. Haikuuona vema, ikageukia Nagasaki na bomu la pili. Saa ile, katika kanisa la Urakami, mapadre wawili walikuwa wakiungamisha waamini, tayari kwa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Hakupona hata mmoja. Wazee wao walikuwa wametunza imani kwa siri, bila padre, zaidi ya miaka 200.

Mwisho wa mwezi ule ule ndege za namna hiyo hiyo ziliangusha vyakula na dawa kwa wafungwa wa vita. Zikapigana tena Korea, 1950 hata 1953, na mwaka 1960 zikaachishwa kazi.

Mchimbaji wa Shinkolobwe na mtu wa Hiroshima hawakupata kujuana. Yule aliyechimba alifichwa mambo, tusimhukumu. Lakini kati yao walikuwako wengi waliojua, na kila mmoja alishika kipande chake tu cha kazi. Hao ndio wa kuulizwa. Nasi leo, nchi yetu ingali ikitoa mawe ya thamani: tusichoke kuuliza yanakwenda wapi, na kufanya nini.