Kuku, Gulio na Bunduki: Historia ya Hifadhi ya Kuku katika Maniema ya Kusini

Utangulizi

Historia ya Maniema ya kusini imeandikwa zaidi kwa kufuata pembe za ndovu, biashara ya watumwa na majina ya wakubwa waliotawala njia za misafara. Kuku hutajwa kwa kupita tu, kama chakula cha msafiri au zawadi ya mgeni. Hata hivyo, kwa mujibu wa maelezo yaliyochapishwa ya David Livingstone, mauaji ya Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871, ambayo ni miongoni mwa matukio yanayojulikana zaidi katika historia ya eneo hilo kabla ya ukoloni, yalitanguliwa na mabishano juu ya kuku mmoja.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba suala la hifadhi ya kuku huko Kasongo na Kabambare lina pande mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Upande wa kwanza ni hasara inayotokana na wanyama wa porini, ambayo kaya imeikabili kwa ujuzi wake yenyewe. Upande wa pili ni hasara inayotokana na binadamu mwenye silaha, ambayo kaya haiwezi kuizuia bila sheria. Sheria za kisasa za ustawi wa kuku zina thamani yake, lakini zimejengwa juu ya msingi ambao wafugaji wa Maniema wamenyang'anywa mara kwa mara: usalama wa mwenye kuku.

Kuku wa uani na maadui wake

Ufugaji wa kuku wa kienyeji katika eneo hili ni ule wa kuwaachia. Alfajiri kuku hufunguliwa, huchakura kutwa nzima uani na kandokando ya mashamba, na jioni hurudi wenyewe. Mwenye kuku hutoa kidogo, yaani mabaki ya ugali, pumba au mchwa, na hupata mayai machache, vifaranga na nyama ya siku ya heshima. Aghalabu mwenye kuku ni mwanamke, kwa kuwa kuku ni mali inayoweza kuanzishwa bila ardhi kubwa wala mtaji, na inayoweza kuuzwa siku ileile mtoto anapougua au ada ya shule inapodaiwa.

Gharama ya mfumo huu ni hatari. Kuku anayejitafutia chakula hana budi kutoka nje ya ua, na anapotoka huonekana. Mchana mwewe na kipanga hunyakua vifaranga, naye nguchiro hunyemelea mayai. Usiku ni zamu ya kanu, fungo na kicheche. Chatu naye hupenya palipo na upenyo mdogo. Siafu wakiingia bandani, kuku anayeatamia huweza kuuawa juu ya mayai yake.

Kinga dhidi ya maadui hao ni ya kale na ni rahisi. Vifaranga wadogo hufunikwa kwa tenga. Kuku wakubwa hulazwa jikoni, ambako moto na watu huwafukuza wanyama, au katika banda lililoinuliwa juu ya miti. Jogoo naye hutoa mlio wa tahadhari, na mama huwakusanya wanawe chini ya mbawa. Zaidi ya wanyama hao upo ugonjwa wa kideri, unaoweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Dhidi yake ilitengenezwa chanjo ya I-2 katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Inastahimili joto kuliko chanjo za kawaida, na imetumika vijijini katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Tanzania na Msumbiji.

Hasara zote hizi huhesabiwa na mfugaji kama sehemu ya ufugaji wenyewe. Mwewe huchukua kifaranga mmoja; hachukui wote, wala hamzuii mwenye kuku kuanza upya. Kwa hiyo mfugaji humlaani, humtupia jiwe, kisha huendelea.

Amani ya gulio

Livingstone alifika Bambarre, yaani Kabambare ya leo, mwezi Septemba 1869. Alirudi hapo Julai 1870, akazuiliwa kwa miezi mingi na vidonda vya miguu. Machi 1871 alifika Nyangwe, kwenye ukingo wa mto Lualaba, katika eneo ambalo sasa ni sehemu ya Kasongo. Alivutiwa mno na gulio la Nyangwe, na maelezo yake yana thamani kubwa kwa mwanahistoria wa uchumi wa wanawake. Wanawake walivuka mto kwa mitumbwi wakiwa na samaki, mafuta ya mawese, chumvi, vyungu na kuku. Waliuza, walicheka na kubishana bei kwa bidii, huku majogoo waliobebwa mabegani vichwa chini wakiendelea kuwika.

Katika maelezo hayo mna jambo lililo kubwa kuliko bei. Livingstone aliandika kwamba hata wilaya mbili zilipokuwa vitani, wanawake walipita kutoka gulio moja hadi jingine bila kubughudhiwa, na kwamba kuwanyang'anya mali zao, hata wakati wa vita, lilikuwa jambo lisilotendwa. Hii ni sheria kamili, ingawa haikuandikwa. Ilimtaja mlindwa, ambaye ni mwanamke wa gulioni. Ilitaja mali, ambayo ni bidhaa alizobeba. Na ilikuwa na nguvu wakati ule hasa ambapo sheria nyingi hulegea. Kuku alilindwa ndani ya sheria hiyo kwa sababu alikuwa mkononi mwa mwanamke huyo.

Ni kweli kwamba sheria hiyo haikumjali kuku mwenyewe. Jogoo aliyening'inizwa kwa miguu alikuwa katika mateso, na amani ya gulio haikumpunguzia. Lakini pasipo amani hiyo, kuku hangefugwa kwa ajili ya kuuzwa hata kidogo.

Tarehe 15 Julai 1871

Siku hiyo, kwa makadirio ya Livingstone, watu wapatao 1,500 walikuwa gulioni. Watu watatu wa Dugumbe, mfanyabiashara aliyekuwa amewasili Nyangwe mwezi uliotangulia, waliingia gulioni na bunduki, jambo lililomshangaza Livingstone. Alipokuwa akiondoka alimwona mmoja wao akibishana bei ya kuku na kumkamata kwa nguvu. Kabla hajafika mbali, milio miwili ya bunduki ilisikika katikati ya umati. Watu walikimbilia mitumbwi iliyosongamana kwenye hori, na huko nako wengine wakawapiga risasi. Wengi walikufa maji. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Chanzo hiki chahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kitabu kilichotolewa mwaka 1874 kilihaririwa na Horace Waller baada ya Livingstone kufariki mwaka 1873, na kilitokana na maandishi yaliyokwisha kupangwa upya. Shajara aliyoiandika Nyangwe juu ya kurasa za gazeti, kwa wino wa mmea, ilisomeka tena kwa njia ya picha za miale mbalimbali, na ikatolewa mwaka 2011. Watafiti walioishughulikia wameuliza juu ya uwezekano wa wafuasi wa Livingstone mwenyewe kuhusika katika vurugu zile. Swali hilo halipunguzi uzito wa tukio. Lapunguza tu urahisi wa kuwagawa watu wa Nyangwe kuwa wenye hatia na mashahidi.

Aidha, haifai kusema kwamba kuku ndiye aliyesababisha mauaji. Siku hiyohiyo vijiji vya ng'ambo ya mto vilikuwa vikiteketezwa, na nia ya kuwatisha wenyeji ilikwisha kuwapo. Lakini tendo la kumnyakua kuku mkononi mwa mwenyewe lilikuwa na maana iliyoeleweka na kila aliyekuwapo: lililokuwa halitendwi, sasa limetendwa. Habari za mauaji hayo, zilizofikishwa Uingereza mwaka 1872, ziliongeza shinikizo lililomfanya Sultani Barghash wa Unguja atie sahihi mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa bahari. Wanawake wa gulio hawakutajwa ndani yake.

Kuku wa kituo

Nyangwe iliangukia mikononi mwa majeshi ya Dola Huru ya Kongo tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huohuo. Bunduki ilibadili mwenyewe, lakini haikuondoka. Dola hiyo ilidai kodi kwa kazi na kwa mazao, na amri ya tarehe 18 Novemba 1903 iliweka saa 40 za kazi kwa mwezi. Vijiji vilivyo karibu na vituo vililazimishwa kuwalisha maofisa na askari. Roger Casement, aliyezuru sehemu za juu za mto Kongo mwaka 1903 bila kufika Maniema, alitaja kuku na mbuzi miongoni mwa vitu vilivyodaiwa vijijini. Tofauti na uporaji wa gulioni ilikuwa moja: sasa uchukuaji ulikuwa na tarehe, idadi na kitabu cha hesabu. Mwewe hana daftari. Kituo kilikuwa nalo.

Baada ya uhuru wa mwaka 1960, na hasa katika vita vya 1996 hadi 1997 na 1998 hadi 2003, Maniema ya kusini ilipitiwa na majeshi na makundi ya kila namna, na uporaji wa mali za vijiji ukawa jambo la kawaida. Katika uporaji wa namna hiyo kuku huwa wa kwanza kuchukuliwa, kwa kuwa ni mwepesi kubebwa na huliwa siku ileile. Wanawake wengi walirejea kwenye nyua tupu, wakaanza tena kwa kuku mmoja wa kuazima.

Sheria za ustawi

Huko Ulaya mjadala wa kuku ulichukua njia nyingine. Kitabu cha Ruth Harrison cha mwaka 1964 juu ya ufugaji wa kiwanda kiliifanya serikali ya Uingereza kuunda kamati ya Brambell, iliyotoa ripoti mwaka 1965. Kutokana na fikra hizo ziliundwa zile ziitwazo haki tano: kuepushwa na njaa na kiu, usumbufu, maumivu na maradhi, hofu, na kuachiwa kuonyesha tabia ya asili. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1999 lilipiga marufuku vizimba vitupu vya kuku wa mayai kuanzia tarehe 1 Januari 2012, na kutaka kuku apewe kiota, kitulio na mahali pa kuchakura. Katika Afrika Mashariki, Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008.

Msomaji wa Kiswahili atatambua kwamba sehemu ya agizo la Ulaya imo katika methali isemayo mtoto wa kuku hafunzwi kuchakura. Kuku wa Kasongo anacho kile ambacho kuku wa kizimba alipaswa kurudishiwa kwa sheria. Anachokosa ni kinga dhidi ya maradhi, hofu na kubebwa vichwa chini.

Wala fikra ya kumhurumia kuku si ngeni huko. Kasongo ina jamii kubwa ya Waislamu tangu karne ya 19, na katika Sahihi ya Bukhari imepokewa habari ya Ibn Umar aliyemkuta kuku amefungwa ili atupiwe mishale, akamfungua na kukumbusha kwamba Mtume amekataza jambo hilo. Mwalimu wa ustawi wa wanyama anayekwenda Kasongo anaweza kuanzia hapo, badala ya kuanzia Brussels.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mwewe na kanu hawakuufuta ufugaji wa kuku Maniema, kwa sababu hasara yao ina kiasi na kinga yake inajulikana. Aliyeufuta kila mara ni mwenye silaha asiyeulizwa. Kwa hiyo sheria ya kuku itakayofaa huko yapaswa kuwa na mihimili miwili. Wa kwanza ni huruma kwa kiumbe chenyewe: chanjo, banda imara, na tenga badala ya kamba miguuni. Wa pili ni ule walioujua watu wa Nyangwe kabla ya mwaka 1871, kwamba mali iliyo mkononi mwa mwanamke aendaye gulioni haiguswi, hata vitani. Mhimili wa pili ukikosekana, wa kwanza hauna wa kuutekeleza, kwa kuwa mtu asiye na hakika ya kumkuta kuku wake kesho hawezi kumjengea banda leo.