Tuta Halifi na Treni

Treni haipendi kupanda. Fundi wa njia yeyote, awe Tabora au Toulouse, hufundishwa hilo kabla hajakabidhiwa nyundo. Ndiyo maana anayeendesha baiskeli juu ya tuta la reli ya zamani kusini mwa Ufaransa hupita katikati ya milima bila kuhema. Wapo waliokwisha kuhema kwa niaba yake, kwa sururu na baruti, zaidi ya miaka 130 iliyopita. Mimi nimestaafu kazi ya njia katika Reli ya Kati, na binti yangu ameolewa Castres, mkoa wa Tarn. Kila nikienda kumsalimu, mkwe wangu hunipa baiskeli yake na kunielekeza Mazamet, inapoanzia njia iitwayo Passa Païs: zaidi ya kilomita 70 hadi Bédarieux, bila gari hata moja. Wenzangu wa njiani huinua macho kutazama milima ya Espinouse. Mimi hutazama chini.

Na chini kuna mengi. Kalvati za mawe bado zinapitisha maji kama siku zilipojengwa. Mwinuko ni nadra kuzidi mita 2 au 3 kwa kila mita 100, na kona zote ni pana, kwa sababu behewa halikunji kiuno. Kwenye kila kivuko cha barabara kuna kajumba ka mlinzi wa geti. Kazi hiyo mara nyingi ilikuwa ya mwanamke, mke wa mtu wa genge la matengenezo ya reli: mumewe alikaza vifunga vya reli huko mbele, yeye alishusha geti mchana na usiku. Katika handaki la Fenille, lenye mita 769, ukutani mna vijichumba vya kujibanza treni ikipita. Baridi humo ndani ni ya mwaka mzima. Mvua inayonyesha upande mmoja wa kilima kilichotobolewa na handaki hilo huishia Atlantiki, na ya upande wa pili huishia Mediterania.

Lakini historia ya njia za baiskeli za namna hii haikuanza na reli, ilianza na maji. Mwaka 1666 Mfalme Louis XIV alimkubalia Pierre-Paul Riquet, mkusanya kodi ya chumvi, achimbe mfereji kutoka Toulouse hadi pwani ya Mediterania. Ni kilomita 240, na leo unaitwa Canal du Midi. Riquet alifariki 1680, mfereji ukafunguliwa mwaka uliofuata. Boti hazikuwa na injini, kwa hiyo kando ya maji ilitengenezwa njia tambarare ya farasi wa kuzikokota. Abiria walitumia siku 4 kutoka Toulouse hadi Agde, na kwenye baadhi ya malango ya maji ya kupandishia na kushushia boti walishushwa na kuhamishiwa boti nyingine ili maji yasipotee bure. Thomas Jefferson, alipokuwa balozi wa Marekani Paris, alipita hapo mwaka 1787. Aliling'oa magurudumu gari lake la farasi, akalipakia kwenye boti, na mara kwa mara akashuka kutembea ukingoni. Alikuwa na sababu zake rasmi za safari, lakini mimi namhesabu mtalii.

Kisha ikaja reli, na hapa naomba wana reli wenzangu wanisamehe, maana tulicheza rafu. Reli ilifungua njia ya Toulouse hadi Sète mwaka 1857. Mwaka uliofuata, kampuni ya reli yenyewe, Compagnie du Midi, ikakodishwa mfereji kwa miaka 40. Ni kama kumkabidhi mwenye duka funguo za duka la jirani anayeshindana naye. Ushuru wa mfereji ukapangwa kwa namna ya kuisukuma mizigo ipande treni, na serikali iliporudishiwa mfereji mwishoni mwa karne, wateja walikuwa wameshazoea stesheni. Matishari yaliendelea kwa kusuasua hadi miaka ya 1980, na farasi walikuwa wametoweka zamani.

Wakati huohuo reli ilikuwa imelewa sifa. Mwaka 1879 waziri wa ujenzi, Charles de Freycinet, alipitisha sheria ya kujenga njia mpya 181, zaidi ya kilomita 8,000, ili miji midogo nayo isikie honi ya treni. Kila mbunge alitaka stesheni kwao. Nyingi ya njia hizo hazikuwahi kulipa gharama zake hata mwaka mmoja, na mhasibu yeyote angeliona hilo mapema. Mazamet walau ilikuwa na mzigo wa kweli. Tangu katikati ya karne ya 19 mji huo uliishi kwa ngozi za kondoo kutoka Argentina, baadaye na Australia na Afrika Kusini. Ngozi ziliwekwa kwenye vyumba vya joto na unyevu mpaka sufu ilegee, kisha zikasafishwa kwa maji ya mto Arnette. Sufu ilikwenda huku, ngozi tupu kule. Fikiria harufu ya behewa lile mwezi wa Julai.

Baiskeli zilikuwepo siku zote hizo, na hazikuhitaji njia ya peke yao. Paul de Vivie wa Saint-Étienne, aliyehimiza safari ndefu za baiskeli katika jarida lake Le Cycliste na kupigania matumizi ya gia wakati wengi walizidharau, alikuwa na Ufaransa nzima mbele yake: barabara za vumbi, mikokoteni, mbwa. Mwaka 1936 wafanyakazi walipopewa kisheria wiki 2 za likizo yenye malipo, wengi walipanda baiskeli, wengine wawili wawili kwenye baiskeli moja ndefu yenye pedali za watu wawili, wakaelekea baharini kwa barabara zilezile. Ajabu ni kwamba kando ya mifereji, mahali patulivu kuliko pote, walikatazwa. Kanuni ya mwaka 1932 ilisema njia ya kukokotea boti ni ya watumishi wa mfereji. Raia aende kwa miguu au aombe kibali cha maandishi.

Malori na magari ndiyo yaliyopindua meza. Shirika la reli la taifa, SNCF, lilianza kazi Januari 1938, na papo hapo likaanza kufuta treni za abiria kwenye maelfu ya kilomita za njia ndogo, mabasi yachukue nafasi. Baada ya vita kila familia ikanunua gari. Kilichofuata kinaelezwa vizuri zaidi na Mazamet yenyewe. Mwaka 1972 ajali za barabarani ziliua Ufaransa watu wapatao 16,600, yaani karibu sawasawa na wakazi wote wa mji huo. Basi tarehe 17 Mei 1973 watu wa Mazamet walitoka majumbani na kazini, wakalala chini barabarani, wazee kwa watoto, na televisheni ikawapiga picha wakiwa wametapakaa kama maiti. Taifa lilitazama mji mzima umekufa. Mwezi Julai mwaka huohuo mkanda wa kiti cha mbele ukawa lazima nje ya miji, na mwendo wa magari ukawekewa kikomo.

Nikipita Mazamet na baiskeli ya mkwe wangu, siwezi kuitenga siku ile na njia iliyopo sasa. Watu husema njia hizi ni starehe. Kwangu ni kimbilio. Barabara yote ilikuwa ya kila mtu, gari likaichukua, na mwenye baiskeli akarudishiwa masalia: ukingo ulioachwa na farasi na tuta lililoachwa na treni.

Kurudishwa kwenyewe kulianza rasmi mwaka 1997 mkoani Saône-et-Loire, ilipofunguliwa njia ya kwanza ya aina hii juu ya reli iliyong'olewa, kilomita 44 kutoka Givry hadi Cluny, katikati ya mashamba ya mizabibu. Mwaka 2004 sheria ya usalama barabarani ikazitambua njia za aina hii, na kusema wazi kuwa ni za watembea kwa miguu, wapanda farasi na vyombo visivyo na injini. Kusini ya Cluny kuna handaki la Bois Clair, kilomita 1.6, ambalo hufungwa wakati wa baridi kwa sababu popo wanalala humo. Nimeona makampuni yakibomoa nyumba za watu bila kuuliza, na hapa popo wanaachiwa handaki zima.

Hakuna uchawi. Kazi ngumu, yaani kusawazisha, kutoboa na kujenga madaraja, ilikuwa imekwisha. Lililobaki lilikuwa kumwaga lami au kokoto laini na kuweka vizuizi vya magari. Sharti lilikuwa moja tu: ukanda wa ardhi uwe haujakatika. Mahali ambapo mabaki ya reli yaliuzwa kipande kipande, huyu akajenga banda, yule akapanda mboga, leo mwenye baiskeli hutupwa tena katikati ya malori mpaka tuta lianze upya mbele. Ukanda wa namna hiyo ukishapotea, kuununua upya shamba kwa shamba ni kesi isiyokwisha.

Kwetu reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Siombi watalii wa baiskeli Nachingwea. Kwa maofisa ardhi, popote reli itakapofungwa kesho, ombi langu ni dogo: chuma kiuzeni, na mataruma yayeyusheni, lakini tuta msilipimie viwanja kabla ya kuwauliza wanaolipita kila siku kwenda shule, sokoni na kisimani.