Kingamwili zilizofichua seli za thaimasi

Kwa miaka mingi wataalamu wa tiba walikabiliwa na kitendawili. Chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti zilionekana zote sawa chini ya hadubini, ilhali kazi zake hazikuwa sawa. Ufumbuzi ulipatikana kwa kuwachunguza panya wa maabara.

Mwaka 1961, mtafiti Jacques Miller, akiwa London, alibaini kuwa panya walioondolewa tezi ya thaimasi, iliyoko kifuani, mara baada ya kuzaliwa walikuwa na limfosaiti chache. Aidha, miili yao haikukataa ngozi iliyopandikizwa kutoka kwa panya wengine. Tezi hiyo, iliyodhaniwa kuwa haina kazi ya maana, ilikuwa nguzo ya kinga ya mwili.

Je, seli zikishatoka kwenye tezi na kuchanganyika na nyingine, zingetambuliwaje?

Alama ya theta

Mwaka 1964, Arnold Reif na Joan Allen wa Marekani waliwadunga panya wa ukoo wa C3H seli za thaimasi za panya wa ukoo wa AKR. Miili ya panya hao ilitengeneza kingamwili dhidi ya alama ngeni iliyokuwa juu ya seli hizo. Alama hiyo iliitwa theta, na baadaye Thy-1.

Theta hupatikana pia katika ubongo. Lakini mwaka 1969 Martin Raff, mtafiti katika taasisi ya Mill Hill, London, alionyesha kuwa miongoni mwa limfosaiti za panya, alama hiyo huzitambulisha zile zilizotokana na thaimasi, ambazo leo huitwa seli T.

Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein wa Cambridge walibuni njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja tu, kwa wingi. Walitunukiwa Nobel mwaka 1984.

Manufaa kwa wagonjwa

Kwa binadamu, Thy-1 si alama ya seli T, hivyo zilitafutwa kingamwili nyingine. Miongoni mwazo ni zile zinazotambua seli za CD4, ambazo hushambuliwa na virusi vya Ukimwi.

Tangu mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwenye virusi hivyo aanze dawa bila kusubiri hesabu ya CD4. Hata hivyo, hesabu hiyo ingali inawasaidia madaktari, Afrika Mashariki na kwingineko, kumtambua mgonjwa ambaye kinga yake imeporomoka.