King'ora Kilipokoma: Historia ya Kuamka Kati ya Lualaba na Ziwa Tanganyika

Kila inapotajwa saa ya kengele nyumbani kwa mzee aliyestaafu, husikika maelezo yaleyale. Husemwa kwamba saa hiyo ni mabaki ya kazi: mtu ametumikia reli, mgodi au ofisi ya serikali miaka 30, amezoea kuamrishwa na saa, na hata baada ya kupumzishwa hawezi kuachana nayo. Huenda maelezo haya yanafaa kwa Brussels au Manchester. Kwa Ankoro, pale mto Luvua unapoingia mto Lualaba mashariki ya Kongo, na kwa Manono, Kabalo na Kalemie, nadhani yamepindua mambo. Mfanyakazi wa kaskazini ya Katanga, alipokuwa kazini, hakuwa na haja kubwa ya saa ya kuamsha, kwa sababu kuamshwa lilikuwa jambo analofanyiwa na mwajiri. Saa ikawa yake kweli siku mwajiri alipoondoa mkono, na kazi iliyobaki mezani, ile ya kuwaamsha watu, ikamwangukia mzee.

Tuanze kabla ya reli, maana wapo wanaodhani kwamba kuamka gizani kuliletwa na Wabelgiji na kwamba zamani watu waliamshwa na jua tu. Jua la huku ni mwaminifu, hilo halina ubishi: Ankoro iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki saa nzima. Lakini kazi nyingi za maana hazikulingoja. Richard Burton, aliyefika Ujiji Februari 1858, ameeleza kwa kirefu asubuhi za misafara kati ya pwani na ziwa: wapagazi walibeba majogoo juu ya mizigo mchana kutwa, na usiku ndege hao wakawa ndio wanaoamsha kambi kabla ya mapambazuko, ili mwendo uanze kabla ya joto. Jogoo wa msafara hakuwa wa mtu mmoja. Akiwika kwa kiranja, amewika kwa mia wote. Kwa upande wa maji, mvuvi wa ndakala katika Ziwa Tanganyika huvua usiku kwa taa, hupumzika mwezi unapong'aa, na hurudi ufukweni kunapopambazuka. Mwanamke anayetaka kununua samaki wabichi awaanike lazima awe pale mtumbwi unapogusa mchanga. Hakuna jua linalomwamsha huyo. Kuamka mapema, basi, ni kukongwe kuliko reli, na tangu zamani kulikuwa jambo la kundi: mmoja huamka, naye huwaamsha wengine.

Kilichobadilika katika karne ya 20 ni mwenye kuamsha. Misheni zilitangulia. Mpala, kituo cha ziwani kilichojengwa mwaka 1883 na kukabidhiwa Mapadri Weupe mwaka 1885, na baadaye Kirungu, ziliipanga siku kwa kengele: kengele ya sala, ya shule, ya shamba, ya kulala. Kisha ikaja kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, CFL, iliyoundwa mwaka 1902. Njia yake kutoka Kabalo ikafika ziwani mwaka 1915, kwenye mji ulioitwa wakati huo Albertville, ambao leo ni Kalemie. Kampuni hiyohiyo iliendesha meli katika Lualaba kati ya Kabalo na Bukama, safari ya mamia ya kilomita, na Ankoro iko kando ya njia hiyo ya maji. Kwa mji wa mtoni, honi ya meli ilitosha kuwa saa: waliouza kuni, muhogo na samaki walijua ni wakati gani wa kushuka gatini. Hata mkulima aliyekaa mbali na reli hakuachwa alale apendavyo. Tangu mwaka 1917 serikali ililazimisha mazao kama pamba, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia siku za kazi za lazima kijijini zilipandishwa hadi 120 kwa mwaka. Hapo aliyeamsha alikuwa kapita, msimamizi wa kazi.

Katika kambi za makampuni makubwa jambo hili lilifika kilele. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya madini ya Union Minière, kule kusini, iliacha kutegemea vibarua wa miezi michache, ikaanza kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao. Ikatoa nyumba, posho ya unga na mafuta, zahanati, shule. Na king'ora cha zamu kikasikika kambi nzima. Nasisitiza kambi nzima: hakikumwamsha mchimbaji peke yake, kilimwamsha mke wake wa kuwasha moto na mtoto wake wa kwenda shule. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alikipa kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu familia za wafanyakazi wa Katanga jina la Bana Shaba abandonnés par leur père, yaani watoto wa Shaba waliotupwa na baba yao. Baba anayetajwa humo ni pamoja na kampuni. Tukilichukua wazo hilo kwa uzito wake, kuamshwa kunaingia katika orodha moja na unga na dawa. Kulikuwa sehemu ya posho, na kama posho nyingine, aliyepewa hakuulizwa anataka kiasi gani wala saa ngapi.

Saa yenyewe ya kengele ilipita njia nyingine kabisa. Mfaransa Antoine Redier alipata hataza yake mwaka 1847 kwa saa ambayo mtu angeweza kuitegesha ilie wakati autakao, na viwanda vya Marekani na Ulaya vikaifanya bidhaa ya bei nafuu kufikia mwanzo wa karne iliyofuata. Huku kwetu iliyoenea hadi vijijini ni ile ya Kichina ya kutia ufunguo: mwili wa bati, kengele mbili juu na nyundo ndogo katikati, na mara nyingi picha ya kuku anayedonoa punje kila sekunde. Mgongoni ina funguo mbili za kuzungusha, moja ya mwendo na moja ya mlio. Usipozijaza jioni, asubuhi itakuwa imesimama. Tofauti yake na king'ora iko hapo. King'ora hulia mtu apende asipende, lakini saa hii hailii mpaka mtu mmoja nyumbani aamue, usiku uliotangulia, nani ataamshwa na kwa ajili gani.

Sasa tutazame mkono wa mwajiri ulivyoondoka, maana haukuondoka siku moja. Mwaka 1956 reli ya Kamina hadi Kabalo ilikamilika, na abiria wa kusini hawakuwa tena na sababu ya kupitia mtoni. Ankoro ikaanza kupoteza meli zake miaka minne kabla ya uhuru. Mwaka 1974 reli zote ziliunganishwa katika shirika la taifa. Migodi ya bati ya Manono, iliyopewa umeme na bwawa la Mpiana-Mwanga kwenye Luvua hiyohiyo, ilizorota katika miaka ya 1980. Vita vya 1998 hadi 2003 vikakata usafiri uliobaki, na mishahara ya reli ikalimbikizwa bila kulipwa miezi kwa miezi. Katika miaka hiyo kukatokea hali isiyoelezeka kwa kamusi ya Ulaya: wafanyakazi waliopita umri wa kustaafu walibaki kazini, kwa sababu shirika halikuwa na pesa ya hesabu yao ya mwisho, décompte final kama inavyojulikana Kongo nzima, nao walijua kwamba anayeondoka bila hiyo huenda asiione tena. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, iliwaondoa zaidi ya watu 10,000 mwaka 2003 na 2004 kwa fedha za Benki ya Dunia; kwa upande wa reli, mradi wa uchukuzi wa benki hiyo ulioidhinishwa mwaka 2010 ulibeba pia mzigo wa kuwalipa wastaafu. Kwa hiyo hakukuwa na asubuhi moja ambayo mtu alifunga kazi akaanza kulala. Mshahara ulikoma kwanza, king'ora kikafuata, na ruhusa ya kwenda nyumbani ikaja mwisho.

Atakayenipinga atasema: haya yote ni mazoea tu, mwili wa miaka 30 umejifunza. Lakini mazoea yakishafika mwilini hayahitaji kengele; mtu hufumbua macho mwenyewe. Saa inayotegeshwa na mzee anayeamka mwenyewe haiwezi kuwa yake yeye. Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kwa wachunguzi wa usingizi, wanaosema uzee wenyewe huleta kuamka mapema, wala hakuna haja ya kutafuta historia. Ni kweli, na utafiti wa jirani unaonyesha kwa nini. Mwaka 2017 David Samson na wenzake walichapisha matokeo yao kuhusu Wahadza wa Tanzania: katika siku 20 walizowapima watu wazima 33, muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu kwa jumla, na wenye umri mkubwa walielekea kulala na kuamka mapema kuliko vijana. Wachunguzi hao waliona humo ulinzi wa kundi: daima kuna aliye macho. Sioni kwamba hili linabomoa hoja yangu. Umri unaeleza kwa nini mzee yuko macho saa kumi alfajiri. Hauelezi kwa nini nyumba inamtegemea; hilo linaelezwa na kutoweka kwa kilichokuwa kikiiamsha. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa bure Septemba 2019, madarasa yamefurika, na mjukuu wa zamu ya asubuhi hana honi ya meli wala king'ora cha kumtoa kitandani.

Simu imeingia, bila shaka, na kijana atasema saa ya ufunguo imekwisha kazi. Kazi ni ileile. Pasipo umeme wa gridi, simu huchajiwa kibandani kwa malipo, na nyumbani simu yenye chaji usiku huwa ni ya mtu mmoja, anayelala karibu nayo.

Linabaki pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote: kwamba kumsifu mzee kwa kuamsha nyumba ni kuupamba umaskini, kwani angelipwa haki yake huenda angelala hadi jua likawa kali, na angestahili. Nakubali kila neno la sehemu ya pili. Pensheni za wafanyakazi ziliwekwa kisheria tangu 1956, na anayedai chake hapaswi kupozwa kwa heshima. Lakini kukataa kuiona kazi hii ni kumnyima mara ya pili. Kampuni ilipokuwa ikiamsha kambi, iliajiri mtu wa kupuliza king'ora, ikampa mshahara, nyumba na posho, na jina lake likaandikwa katika daftari la wafanyakazi. Kazi hiyo haikufutwa kampuni ilipofifia. Imehamia nyumbani, inafanywa na walewale waliodhulumiwa hesabu yao ya mwisho, na bado haijaandikwa katika daftari lolote la deni.