Vifaa vya kaboni kwenye baiskeli ya milimani: vinalipa au ni mbwembwe tu?

Leo tuongelee baiskeli. Siku hizi ikipita mashine ya mtumba hapa Lemara au kule Njiro, ina usukani mweusi wenye ule mchoro wa nyuzi zilizosukwa, lazima mtu aulize: hiyo ni kaboni? Halafu swali la pili linafuata: na mimi nikifunga ya kwangu, Ng'iresi nitapanda kirahisi?

Jibu fupi: kwa wengi wetu hapa Arusha, hapana. Hela hiyo ina mahali pengine pazuri zaidi pa kwenda. Jibu refu liko hapa chini, na naomba usome mpaka mwisho, maana siyo suala la mfuko peke yake. Kuna suala la meno yako pia.

KABONI NI NINI HASA

Kaboni inayosemwa kwenye baiskeli ni nyuzi nyembamba sana zilizogandishwa na gundi ngumu. Uzi mmoja una unene wa kama mikromita 5 mpaka 7. Unywele wa mtu ni kama 70, kwa hiyo panga nyuzi kumi hivi ndiyo ufikie unywele mmoja. Nyuzi zinapangwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka na mwelekeo wake, halafu zinaokwa kwenye umbo mpaka gundi ishike.

Siyo kitu kipya. Kampuni ya Kestrel ya Marekani ilitoa fremu ya kaboni ya baiskeli ya milimani mwaka 1988. Na kama unadhani ni plastiki, kumbuka ile ndege ya Dreamliner ambayo Air Tanzania iliipokea Julai 2018: karibu nusu ya uzito wa muundo wake ni vitu vya aina hii.

Faida yake kubwa ni uzito. Chukua ujazo wa lita moja: chuma ni kama kilo 7.8, aluminiamu kilo 2.7, kaboni iliyogandishwa kilo 1.6 hivi. Haishiki kutu, inapunguza kidogo mtetemo unaofika mikononi, na ikiwa imetengenezwa vizuri haichoki haraka kwa kutikiswa tikiswa kama aluminiamu. Hayo yote ni kweli na hakuna anayeyabisha.

HESABU YA UZITO

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo wauzaji wanapotuacha njiani.

Tuseme wewe una kilo 65, baiskeli kilo 13, maji na vifaa kilo 2. Jumla kilo 80. Hizo kilo 80 zote ndizo unazozipandisha mlimani, siyo baiskeli peke yake. Usukani wa aluminiamu una kama gramu 300, wa kaboni kama 220. Umepunguza gramu 80, yaani sehemu moja kwa elfu ya mzigo wote.

Kwenye kilima kikali, muda wa kupanda unapungua karibu sawasawa na mzigo. Kama unapanda kwa saa nzima, usukani wa kaboni unakuokolea sekunde nne hivi. Ndiyo, sekunde.

Tuendelee kujumlisha, kwa makadirio:

- Usukani: gramu 80, sekunde 4
- Bomba la siti: gramu 80, sekunde 4
- Mikono ya pedali: gramu 100, sekunde 5 hivi
- Rimu mbili: gramu 300, sekunde 13 hivi
- Fremu nzima: gramu 700, sekunde 32 hivi

Ukibadilisha vyote, umepunguza kilo moja na robo na umeokoa kama dakika moja kwenye saa nzima ya kupanda. Kwa mtu wa mashindano dakika moja ni kubwa mno, ni tofauti ya medali na kurudi nyumbani bila kitu. Kwa mtu anayetoka Lemara, anavuka mji, anapanda kwenye mashamba ya migomba ya Ng'iresi na kurudi, dakika hiyo anaimaliza akisalimiana na mtu mmoja tu njiani.

Kuna kipimo kimoja rahisi: chukua bei ya kifaa, gawanya kwa gramu utakazopunguza. Tuseme usukani unauzwa shilingi 240,000 na unapunguza gramu 80. Umenunua gramu moja kwa shilingi 3,000. Fanya hesabu hiyo kabla ya kutoa hela, na kama umeagiza nje usisahau usafiri, ushuru na VAT. Halafu kumbuka kwamba lita moja ya maji ni kilo nzima, na tope la masika linaloganda kwenye matairi linaweza kuzidi gramu zote ulizolipia.

HATARI YA MTUMBA

Hapa naomba umakini, hasa nyie mnaonunua vifaa vilivyotumika au mnaoachiwa na wageni wakimaliza safari zao.

Chuma kikigongwa kinapinda. Unakiona, unampelekea fundi, anakinyoosha au anakuambia tupa. Kaboni haipindi namna hiyo. Ikigongwa kwenye jiwe inaweza kupasuka tabaka za ndani huku rangi ya nje bado inang'aa. Utaipanda wiki, utaipanda mwezi, halafu siku moja unateremka kwa kasi, unapiga shimo, usukani unakatika ghafla. Ukikatika huna pa kushika wala pa kufungia breki. Na sisi huku njia zetu ni za mawe ya volkano na makorongo, siyo lami ya Ulaya.

Kuwa mkweli na aluminiamu pia: nayo ikichoka inakatika. Usukani wa aluminiamu ulioanguka vibaya au uliopinda usinyooshwe, tupa. Ila huo walau ni rahisi kupata mwingine.

Kabla ya kununua kaboni ya mtumba, fanya hivi:

1. Safisha kabisa, ikague juani. Tafuta mpasuko, sehemu iliyobonyea, rangi iliyochanika. Pitisha ukucha taratibu, mpasuko utaunasa.

2. Angalia zaidi sehemu zinazobanwa: usukani unapoingia kwenye shingo yake, bomba la siti linapobanwa na fremu, na sehemu za kufungia breki. Hapo ndipo penye majeraha mengi.

3. Gongagonga kwa sarafu kuanzia upande mmoja mpaka mwingine. Kaboni nzima inatoa mlio mkavu unaofanana. Ukifika mahali mlio unakuwa mzito, kama umegonga ubao uliolowa, kiweke chini uondoke. Ila kipimo hiki hakitoshi chenyewe: mlio mzuri siyo dhamana.

4. Peleka kwenye mizani. Kuna vitu vya aluminiamu vimefunikwa tabaka moja la kaboni kwa urembo, na vingine ni stika kabisa. Usukani ukiwa na gramu zilezile za aluminiamu, umeuziwa mchoro.

5. Uliza historia yake. Muuzaji akiwa hajui kama imewahi kuanguka, chukulia imeanguka.

Kwa usukani na bomba la siti msimamo wangu ni mmoja: mtumba wa kaboni usinunue kabisa. Fremu iliyopasuka mtaalamu wa kaboni anaweza kuitengeneza. Usukani haufanyiwi ukarabati, unatupwa.

FUNDI NA SPANA YAKE

Mafundi wetu wa pembeni ya barabara ni wazuri sana, wanafufua Phoenix iliyokata tamaa. Lakini mkono uliozoea chuma unabana mpaka kitu kilie. Kaboni hairuhusu hivyo. Kifaa kingi cha kaboni kimeandikwa kipimo chake, mara nyingi 4 mpaka 6 Nm. Soma kilichoandikwa kwenye kifaa chako na ukifuate.

5 Nm ni nguvu kiasi gani? Ukishika alenki kwenye urefu wa sentimita 10, ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 5 hivi hapo mwishoni. Mfuko wa sukari wa kilo 5, basi. Ukiongeza bomba kwenye spana ili upate nguvu, umeshapasua. Kipimo cha uhakika ni spana ya kupima nguvu, na kama huwezi kuipata, hiyo nayo ni sababu ya kuachana na kaboni.

Mengine ya kuzingatia:

- Usipake grisi sehemu za kaboni zinazobanwa. Kuna dawa yake maalumu yenye chembechembe, inazuia kuteleza bila kubana sana.
- Bomba la siti la kaboni usilifungie keria. Ile keria ya kubana kwa bolti, ukibebea ndoo ya maziwa au majani ya ng'ombe, inalikata taratibu.
- Baiskeli ikipanda juu ya Hiace, kamba ipite kwenye matairi au kwenye siti, siyo kuibana fremu ya kaboni na chuma cha keria ya gari.
- Bomba la aluminiamu ndani ya fremu ya kaboni likikaa na unyevu muda mrefu linaweza kung'ang'ania lisitoke tena. Litoe mara kwa mara, lifute, lirudishe.

HELA IENDE WAPI KWANZA

Kama una mtumba wa aluminiamu na una hela kidogo ya kuboresha, mimi ningefuata mpangilio huu:

Kwanza matairi. Huku adui namba moja ni miiba ya migunga. Tairi nzuri yenye meno, na dawa ya kuziba matundu ndani, itakuokolea nusu saa ya kuweka kiraka juani. Nusu saa ni mara ngapi ya sekunde nne? Na ukipunguza upepo kidogo kwenye tairi pana, mikono inapumzika kuliko kwa usukani wowote wa kaboni. Usipunguze mpaka rimu igonge mawe.

Pili breki. Mipira au pedi zilizoisha, nyaya zilizokakamaa. Ukitoka juu kule kuja mjini unateremka mita mamia, breki ndiyo bima yako.

Tatu cheni. Chukua futi ya fundi cherehani, pima vipande 24. Cheni mpya ni milimita 304.8. Ikifika 307 badilisha, usisubiri ile meno ya gia.

Nne siti. Urefu wa siti ukiwa sawa na mguu wako unapata nguvu bure, hulipi hata shilingi. Kisigino kikiwa kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke.

Tano shokapu. Safisha, badilisha sili zilizokufa. Vumbi letu linazimaliza haraka.

Hayo yakiisha yote na bado una hela, sawa, tuongee kaboni.

NI NANI KABONI INAMFAA

Anayeshindana. Adrien Niyonshuti wa Rwanda alikimbia mbio za milimani kwenye Olimpiki ya London 2012, akamaliza wa 39. Kwenye ngazi ile kila gramu inahesabika, na kuna mafundi, vipuri na mtu wa kukagua baiskeli kila jioni. Kumbuka hicho cha mwisho: wenzetu hawanunui kaboni peke yake, wananunua na uangalizi wake.

Pia inamfaa mwenye uwezo wa kununua baiskeli nzima ya kaboni mpya, au anayejua historia yake yote. Ukinunua nzima unapata fremu, na fremu ndiyo penye gramu nyingi. Kununua kipande kimoja kimoja ndiyo njia ya gharama kubwa kuliko zote.

Kwa vijana wanaoongoza watalii kwa baiskeli, nasema hivi: mgeni wako anahitaji baiskeli inayofika na kurudi. Rimu ya aluminiamu ikibonyea unainyoosha mkafika. Ya kaboni ikipasuka porini, safari imeishia hapo.

Kwa kumalizia: kaboni ni kitu kizuri, siyo utapeli. Ila usukani mmoja wa mtumba usiojua ulikotoka ni sekunde nne dhidi ya uso wako. Mwenye uzoefu tofauti, au anayejua wapi hapa Arusha inapatikana spana ya kupima kwa bei ya kueleweka, atiririke hapo chini tuelimishane.

Naomba kuwasilisha.