Nani Atambeba Susu?

Susu yangu hajawahi kupanda boda. Si woga, ni nyonga. Kwa miezi minane dunia yake ilikuwa kitanda, choo na kivuli cha mwembe. Makueni hatukosi miembe, lakini mtu haishi kwa kivuli.

Desemba nikakodi tuktuk mjini Wote. Dereva akauliza, "Tunampeleka hospitali gani?"

"Hatuendi hospitali. Tunazunguka tu."

Akaniangalia kama mtu aliyepotea njia.

Wacha nikurudishe nyuma kidogo, kwa sababu historia ya Ukambani ni historia ya kubeba. Karne ya 19, misafara ya Wakamba ilipeleka pembe za ndovu hadi pwani kwa miguu. Chifu Kivoi wa Kitui alikuwa mmoja wa wafanyabiashara hao, na ni alipokuwa mgeni wake ndipo mmisionari Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya, tarehe 3 Desemba 1849. Shuleni tulikariri jina la aliyeona. Waliobeba mizigo hatukuambiwa hata mmoja.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, Waingereza walikusanya wapagazi, Wakamba wakiwemo, wakawaita Carrier Corps. Magonjwa yaliwaua wengi kuliko risasi. Jina la kikosi limebaki sokoni: Kariokor ya Nairobi, Kariakoo ya Dar es Salaam. Na katika Nairobi hiyo ya mwanzo kulikuwa na riksho: Mwafrika anavuta, Mzungu ameketi.

Huku nyumbani, akina mama walibeba maji na kuni mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Susu ana bonde dogo pale juu ya nyusi. Nilipokuwa mtoto nilidhani alizaliwa nalo.

Sasa ruka hadi Copenhagen, 2012. Ole Kassow alikodi riksho ya baiskeli, akaenda kwenye makao ya wazee ya mtaani kwao kuuliza nani angependa kutembezwa. Wazo hilo likawa Cycling Without Age, na limeenea nchi nyingi. Masharti yake ni mepesi: nenda polepole, pigeni stori. Mhudumu naye anaweza kupanda, akakaa kando ya mzee ambaye kila siku humwosha na kumlisha. Riksho ni ile ile ya zamani, ila aliyeketi amebadilika.

Kwetu makao ya wazee ni machache, na ukimpeleka mamako huko kijiji kitakusema. Kitui kuna Nyumbani Village, iliyoanzishwa na Padri Angelo D'Agostino, ambako wazee wanaishi na watoto walioachwa yatima na UKIMWI. Lakini hata huko, wazee ndio walezi. Bado wanabeba.

Katika boma letu mhudumu ni binamu yangu. Hana mshahara, hana likizo. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinasema wazee wana haki ya kutunzwa, na pia ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Sisi tumeshika la kutunza: uji, dawa, zile shilingi 2,000 za Inua Jamii. Lakini utashirikije kama huvuki geti?

Basi tukapanda, Susu katikati. Sokoni akaamuru tusimame. Mama mmoja mwenye fimbo akamkodolea macho, kisha akapiga kelele. Walikuwa wakiuza mbaazi pamoja, na kila mmoja alidhani mwenzake alishazikwa. Walicheka mpaka dereva akazima injini.

Wakati wa kurudi nikageuka kuwaangalia. Binamu yangu alikuwa amelala fofofo, kichwa begani kwa Susu, na Susu amemshika mkono asianguke kwenye matuta. Miezi minane sikuwahi kumwona binamu amelala mchana.

Tulipokaribia nyumbani dereva akaongeza kasi. Susu akamgonga mgongoni.

"Pole pole, kijana. Sijamaliza kuangalia."

Tuliposhuka, dereva alihesabu pesa zake, akakaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza kama Jumamosi inayofuata anaweza kumleta na nyanya yake, wakae wawili nyuma.